Kinyumenyume

Juu ya duka la misumari la Bitama, Mwanga, Kigoma mjini,
chumba cha pili, mlango wa pazia,
tunatengeneza vita.
Laptopu yetu haina kitufe cha N;
Ruhaga anakibonyeza kwa ncha ya kijiti cha meno.
Tuna daraja, tuna moshi, tuna mvua ya kumwagika kimshazari.
Tuna bunduki kumi na nne, kila moja na mlio wake.
Tumekosa wa kupigwa.

Ruhaga anataka wa kweli.
"Mchezaji si mjinga. Bunduki ina jina na mwaka wa kuzaliwa,
halafu anayelengwa awe bwana Fulani?"
Ameshakusanya picha: kofia, beji ya bega,
namna wanavyokunja mikono ya shati, mara mbili, juu ya kiwiko.
Kachora vizuri, shetani yule. Hata jasho.

Wilondja, mtu wa sauti, hukalia ndoo ya rangi,
kinasa chake kimevishwa soksi.
Alivuka ziwa ana miaka saba; habari hiyo haisemi sana.
Akaitazama kofia.
"Huyu alikunywa maji kwetu. Aliomba kwanza.
Kata akairudisha mahali pake."
Tukangoja amalizie.
Akaomba chumvi. Tukala migebuka yetu.

Mimi nikasema: basi tubuni.
Nchi isiyo na ramani, jeshi lisilo na mjomba wa mtu.
Usiku mzima tukasaka jina.
Wagara? Ruhaga ana shemeji wa ukoo huo.
Barango? Kuna kitongoji, njia ya Kasulu, tena wana timu nzuri.
Bendera nayo, kila rangi tuliyoigusa ilikuwa na wenyewe,
tukabaki na kahawia na zambarau,
kama ndizi iliyosahauliwa kabatini.
Tukawaita Wavorosi. Hakuna aliyelalamika.
Nilifurahi, nasema kweli. Niliwavika barakoa wote
nisihangaike na nyuso.

Lugha hawakuwa nayo.
Wilondja akasema Kiswahili, kompyuta ikakirudisha kinyumenyume.
Simama ikawa amamis. Moto, otom.
Nani huyo: oyuh inan,
ukisikia unadhani ni mahali penye theluji.
Tulicheka mpaka Bitama akagonga dari kwa mpini wa fagio.

Ikabaki sauti ya kufa.
Umeme ulikuwa umekatika, tukitumia betri ya bodaboda.
Wilondja akageukia ukuta, akavuta pumzi,
akatoa neno ambalo yeyote angelitoa.
Ruhaga akaligeuza.
Amam, amam, amam.
Akapunguza kasi. Akaongeza mwangwi. Akaligeuza upya.
Likaja lilelile, limevaa shati nje-ndani.

Jumamosi tukaipeleka kibandani, Gungu,
dakika kumi shilingi mia mbili, foleni ya watoto peku.
Zaburi, mtoto wa muuza mawese, fundi kuliko sisi,
aliangusha Wavorosi thelathini na mmoja bila kupepesa,
kisha akaweka chini rimoti.
"Kaka, hawa wanatoka wapi?"
"Hawatoki popote," Ruhaga akamjibu.
"Sasa mbona wanamwita mama yao?"
Foleni ikamsukuma. Zamu yake ilikuwa imekwisha.

Jioni, uchochoroni nyuma ya soko,
niliwasikia wakicheza bila umeme, mabua mkononi.
Amamis! Otom!
Nikachungulia nione nani kakubali kuwa adui.
Walikuwa Wavorosi wote,
hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa sisi,
na walikuwa wakifyatuliana vilevile.

Nikapanda ngazi.
Ruhaga alikuwa ameifungua tena picha ya kofia,
kijiti cha meno kidoleni.
Ndoo ya rangi haikuwa na mtu.
Wilondja, akaniambia, kashuka kuchota maji.