Kamera za Udongo

Nyemo Chidawali alifinyanga kamera arobaini
kwa udongo uleule wa vyungu vya mama yake,
asizichome. Jicho la kila moja
kizibo cha soda kilichopakwa masizi.
Akazitundika usiku, soko la Majengo,
nguzo hadi nguzo, bila waya.

Asubuhi natoa cherehani barazani,
nainua uso: nimeshatazamwa.
Nikavuta kanga begani, sijui kwa nini.
Miaka tisa nashona sare za shule,
kila mita namega kidogo, upana wa vidole viwili;
siku hiyo nikamfungia mteja vipande vyake vyote
hadi akaniuliza kama naumwa.

Mzee Lechipya wa bucha akaondoa mizanini
dole gumba lililozeekea pale.
Mkusanya ushuru akakata risiti. Risiti!
Tukazishika kwa ncha za vidole kama picha mbichi.
Na kijana mmoja wa bodaboda
akashinda amevaa helmeti,
pikipiki yake iko kwa fundi.

Ya arobaini na moja Nyemo aliitundika Alhamisi,
imelipa soko kisogo,
inatazama mlango wa mtendaji.

Zile arobaini, wiki mbili, ziliitwa ulinzi.
Hii moja, kabla ya chai ya saa nne,
ilikuwa uchochezi.

Walikuja watatu, wakaomba ngazi.
Ngazi ni yangu. Nikawapa.
Wakaishusha ile kamera, wakaipasua kwenye saruji,
wakatafuta ndani: vumbi,
na alama ya kidole cha Nyemo, mistari yake yote.
Wakabishana kama ile ni saini.
"Inarekodi nini?"
"Muulizeni aliyeogopa," akasema,
huku anaokota vipande, anavitia kwenye upindo wa sketi.

Desemba mvua ikamaliza kazi.
Arobaini ziliyeyuka kwa siku mbili,
michirizi myekundu hadi chini,
watoto wakaokota vizibo, wakachezea drafti.
Dole la Lechipya lilirudi matope hayajakauka.
Mimi namega tena,
ila naipa kwanza mgongo nguzo ya tano,
ambako hakuna kitu.

Ngazi waliirudisha siku ileile.
Kipago cha juu kina udongo, sijaufuta.
Nikipanda, nakiruka.