Nyumba Isiyo na Mlango

Kitendawili. Tega.
Nyumba yangu haina mlango.
Mama alitutegea huku tukipanga trei,
thelathini, thelathini, na lililopasuka la kukaanga,
Mbagala Kizuiani, banda la mabati, pumba mpaka kwenye kope.
Jibu lilikuwa yai. Siku zote lilikuwa yai.
Hata ada yangu ya shule ilitotolewa humo.

Ndiyo maana sikujua nimwambieje
kwamba kazini kwetu Vingunguti, nyuma ya ghala la saruji,
chanjo ya mafua tunaipika bila yai.

"Zamani si mlitumia mayai?"
Tulitumia, na wengi bado. Lakini kirusi kikilelewa na yai
hujifunza lugha ya kuku,
na pengine kikitoka hakifanani tena
na kile kinachotukohoza sisi.

"Sasa mnakiweka wapi?"
Tangini, mama. Seli zinaelea kwenye mchuzi wa waridi,
mbili, nne, nane,
na umeme ukikatika Nassoro wa jenereta anakimbia
kiatu kimoja mguuni.

"Seli za nini?"
Nikanawa mikono niliyokwisha kuinawa.
Za figo.
"Figo la nani?"
La mbwa. Mmoja tu, wa ng'ambo,
alikufa kabla hujaolewa,
seli zake hazijapata habari.

Akaweka chini kopo la pumba.
Jogoo akajifanya hakusikia.
Kisha, kwa sauti yake ya madrasa:
"Mnaosha?"

Nikamhesabia. Tunachuja.
Tunazungusha kwa kasi mpaka kizito kijitenge na chepesi.
Kirusi tunakiua. Tunakipasua.
Tunachuja tena. Tunasuuza chumvi.
Tunachuja kwa tundu ambalo hata bakteria hapenyi.
"Saba," akasema. Kumbe vidole vyake navyo vilikuwa kazini.
"Na udongo?"

Nikacheka, kisha nikaacha,
maana kichujio cha kwanza kabisa,
kile cheupe ninachokibadilisha mwenyewe,
kimejaa vumbi la ziwa lililokauka,
laini kama unga wa muhogo.
Udongo upo, mama.

Hakujibu. Akaokota kopo, akarudi kwa kuku.

Alhamisi, zahanati, nesi hajafungua hata kinywa,
mkono wa gauni ulikwisha kunjwa.
Miguuni pake trei moja ya mayai,
ya nesi,
si ya chanjo.