Nusu Ufunguo

Usiuzungushe wote, Mazoya.
Ukomee katikati, injini ikiwa bado imelala,
uache dashibodi iamke yenyewe:
nyekundu, njano, nyekundu, njano,
kama darasa likiitwa majina asubuhi.
Wahesabu walioitika.
Kisha washa.
Wakinyamaza wote, twende Hombolo tukapakie.

Mimi sikufundishwa hivyo.
Kirikuu hii niliinunua Majengo
kwa mtumishi aliyehamishiwa Songea,
shati limepigwa pasi, macho yako stendi.
"Dashibodi safi, mama. Haina hata taa moja."
Nikalifurahia giza lile
kama aliyeambiwa hadaiwi.
Wala hakuniongopea:
kweli haikuwa hata na taa moja.

Ilikuwa Februari. Kreti thelathini za zabibu,
nyeusi, bado zina vumbi lao jeupe.
Nikaipita Bahi, majaruba yakimeremeta,
Kintinku nikanywa soda nimesimama,
halafu mlima wa Saranda, gia ya pili,
nyuma yangu lori likinihimiza kwa honi.

Dashibodi kimya.
Kimya kama sahani iliyolambwa.

Kwanza harufu, ya sufuria lililosahauliwa jikoni.
Kisha mlio, chuma kikitafuna chuma.
Kisha upepo tu, na kreti zikijigongagonga,
nami nikiirudisha pembeni, kidogo kidogo, kwa breki ya mkono.

Fundi Ijengo aliletwa na pikipiki kutoka Manyoni.
Nilidhani atafungua injini.
Alifungua dashibodi, akaingiza vidole viwili,
akanionyesha tundu tupu, dogo,
kama pengo la jino la mtoto.
"Hapa palikuwa na taa ya oili.
Haikuungua, mama. Imeng'olewa.
Na aliyeing'oa alijua inasema nini."

Jua likapanda. Nyuki wakafika kabla ya wateja.
Niliwauzia madereva wa malori kwa bei ya kuona haya,
na zilizobaki zikaanza kuchacha,
zikidondoka kutoka ubaoni hadi kwenye lami:
tone,
tone.

Basi sogea, nikuonyeshe.

Hili birika lenye tone mdomoni si la chai.
Likiwaka unatembea, usiseme "nifike hapo mbele."
Hapo mbele hapapo. Zima, shuka, chomoa kijiti, upime.

Hiki kipimajoto kinachoogelea:
kikiwaka, kaa pembeni, ngoja, ongea na mbuzi wa watu,
ila usiguse mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto.
Huu mkono wangu unaujua.
Uliwahi kuniuliza ni kovu la nini; nikakuambia uji.

Duara lenye alama ya mshangao, angalia breki ya mkono.
Mara tatu limenitisha bure.
Mara ya nne ilikuwa kwenye mteremko.

Betri ikiwaka njiani, zima redio, hata kama ni taarabu.
Huenda ni mkanda.

Na hii ya njano, ya injini, ina tabia ya mgeni wa kwetu:
haji kwa taarifa, haagi akiondoka.
Usiikimbie, wala usilale nayo wiki nzima.
Iandike kwenye daftari la madeni,
tarehe, na ulikuwa unapanda au unashuka.

Mtu atakuja, pengine hapa hapa Sabasaba,
atakuambia anajua kuizima kwa elfu tano.
Mwambie kuzima najua.

Balbu ile mpya iligharimu elfu mbili.
Injini, ng'ombe watatu, na yule mwenye mabaka
aliyekuwa wa ada yako ya kidato cha tatu.
Sikukuambia hilo pia.

Haya, shika.
Nusu tu.

Birika umeliona?
Usinijibu haraka, Mazoya.
Tazama.