Taa ya Ushorobani

Nilifika Ibra Alhamisi na boksi tatu nyuma ya gari:
ruta nyeusi isiyo na antena, swichi ya matundu kumi na sita,
sahani nne nyeupe za kubandika darini
na mita mia tatu za kebo ya buluu.
Mama akazitazama zile sahani, akauliza,
"Na mchuzi wake uko wapi?"

Kuta za nyumba hii zilijengwa kuizuia Agosti,
dhiraa nzima ya jiwe na saruji.
Joto halipiti. Mawimbi nayo hayapiti.
Shadha husomea ngazini, kidato cha saba,
ndipo penye vijiti viwili;
baba yake, Azzan, humpigia shangazi wa Unguja
kasimama jikoni, mkono juu kama anayeapa.

Siku mbili nilitambaa.
Kebo nikaipenyeza kwenye tundu la bomba la kiyoyozi,
nikapanda paani kabla matangi ya maji hayajaanza kuchemka,
nikabana vichwa kwa koleo, nyuzi nane nane:
chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu,
nikinong'ona kama mtoto wa chuoni anayeihofu bakora.
Ukikosea uzi mmoja hurudi nyuma kidogo:
unakata kichwa, unaanza upya.

Nikaugawa mtandao kama maji ya falaji yanavyogawiwa:
wageni mfereji wao, kamera wao,
runinga inayosikiliza kila tusemalo nikaifungia peke yake.
Baada ya sala ya Ijumaa Azzan akapiga simu
amekaa.
Nikasifiwa, nikala, nikalala.

Saa nne usiku mtandao ukafa.

Haukufa wote; ungekufa wote ningejua pa kuanzia.
Simu ya Shadha hai, kompyuta yake maiti.
Kamera ya lango inaona, ya uani imepofuka.
Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha tundu.
Nikazima, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha.
Nikamlaumu muuzaji wa Ruwi, nikalilaumu joto,
nikakaribia kuwasingizia majini wa Bahla.
Asubuhi kila kitu kizima,
kama mgonjwa anayepona akimwona daktari.
Usiku, saa nne, tena.

Usiku wa tatu nikaketi sakafuni, kompyuta mapajani,
nikaacha kutengeneza, nikaanza kuuliza.
Kila chombo swali moja: anwani hii kakupa nani?
Vingine vikaitaja ruta yangu.
Vingine vikamtaja mkubwa mwingine,
mgawaji wa anwani zisizoelekea popote.
Mafahali wawili, zizi moja.

Nikaufuata waya kwa kidole, ukutani, hadi ushorobani,
karibu na mlango wa Mama:
kisanduku cheupe kilichogeuka rangi ya samli,
alichokifunga marehemu baba,
na stika yenye mwandiko wake: USIZIME.
Nilikizima mwenyewe siku ya kwanza.
Kilikuwa kinawaka.

"Nakiwasha mimi," Mama akasema, kanga begani.
"Nikiamka kwenda msalani naona njia.
Balbu inaniruka usingizi, hiyo ya kijani yanitosha.
Baba yako kaandika nisizime,
lakini alfajiri nazima. Umeme ghali."

Taa za usiku zinauzwa sokoni, riali moja na nusu.
Nilifungua mdomo niseme hivyo.
Nikaufunga.

Nikachomoa waya wa mtandao, wa umeme nikauacha.
Ile taa nyekundu inayolalamika kwamba hakuna intaneti
nikaiziba kwa kipande cha utepe mweusi.

Sasa ikifika saa nne kinaamka,
kinaita, kinaita, hakuna anayeitika,
na Mama anapita, kandambili zake zikiburuza,
anakwenda, anarudi.
Kwenye daftari la vifaa, baada ya ruta, swichi na kamera,
nimeongeza mstari mmoja:
*Ushoroba. Taa. Anwani: haina.*