Mkojo wa Asubuhi

Saa kumi na moja, Hombolo bado giza, upepo wa Agosti unakata masikio.
Nakinga mkojo wa kwanza kwenye kikopo cha kifuniko chekundu,
naandika: Foibe Chiloli, miaka thelathini na minne.
Povu limekaa juu, halina haraka,
kama povu la pombe ya uwele siku ya pili.
Nimejifunza kulitazama
bila kumwita Mungu.

Nakiviringisha kwenye kanga, nakitia kapuni
kando ya vishada viwili vya zabibu.
Lori la ushirika linanipeleka mjini.
Dereva haulizi nimebeba nini.

Mimi pia kazi yangu ni kupima.
Ushirika ulinikabidhi kidubwasha cha kioo:
tone moja la maji ya zabibu,
unalielekeza juani, unasoma mstari.
Kumi na saba, ngoja. Ishirini na mbili, chuma.
Msimu huo wakulima hunichukia.
"Onja mwenyewe, Foibe, hii ni asali!"
Nawajibu: ulimi una huruma, kioo hakina.

Leo tone ni mimi.

Daktari alisema askari wa mwili wangu wamenisahau.
Bibi hakuelewa habari za askari,
nikamwambia mbwa wa zizi kamng'ata mwenye zizi.
"Mmemfunga?"
Hafungwi, bibi. Hupewa dawa, akajilaza,
na hakuna ajuaye kama kasinzia
au ananyemelea.

Maabara, Msanjila anaunyonya kwa mrija mwembamba,
polepole, kama anayehamisha kifaranga.
Anatafuta protini moja yenye jina refu
inayovuja kwenye figo
kabla miguu haijavimba,
kabla damu haijakubali kusema.
"Mkojo ni mmbea," anacheka, "ila mmbea mkweli."

Nasubiri nje, ubavuni mwa ukuta,
mikono mirefu ya gauni hadi vidoleni.
Jua hili linaloivisha zabibu
mimi linanichoma kama deni.

Mwezi wa pili: mia nne na kumi.
Mwezi wa tano: mia mbili na tisini.
Leo: mia tatu na ishirini na tano.

"Pima tena," nasema.
"Kikopo kilitikisika njiani. Lori lile. Barabara ya Hombolo unaijua."
Nasikia sauti yangu, na ndani yake
sauti za wakulima wote niliowarudisha shambani.

Msanjila hanibishii. Anapima tena.
Namba haisogei.
"Si kuanguka," anasema, "ni kujikwaa. Daktari ataongeza dawa,
nawe urudi baada ya wiki nne."

Nampa vishada. Anachuma punje moja,
anaitazama kwenye mwanga wa dirisha.
"Zimeiva hizi, au unanionea?"

"Ishirini na tatu," namwambia.
"Nimepima mara mbili."