Arubaini na Mbili

Sudi, njoo. Weka begi juu ya kiti,
usilifiche tena nyuma ya mashine ya kufulia.
Karatasi nimeshaiona. Umeikunja na kuikunja
mpaka ikawa ndogo kama hirizi,
na mvua ya Hull imeuramba wino mwekundu,
lakini saba bado ni saba
na ishirini, ishirini.

Sikukuita nikugombeze.
Vuta droo ya vijiko. Chini ya uma, chini kabisa,
mna bahasha tatu. Ya nne, ya leo,
imo mfukoni mwa koti langu, bado ina unyevu.
Soma wewe, Kiingereza kinakutiririka.
Alama arubaini na mbili, mwanangu,
na wao wanataka arubaini na tatu.
Moja! Kijiwe kimoja
kwenye sahani nzima ya wali.
Ni yule ng'ombe wa ndani ya pembetatu.
Miaka sita niko mji huu, nasafisha ofisi alfajiri,
sijasimamishwa na ng'ombe hata siku moja.

Unacheka? Cheka. Mimi sikucheka.
Niliingia kwenye kile kibanda cha simu
cheupe kama tui, karibu na stesheni,
nikashika mkonga nikajifanya naongea,
wapita njia wasijue ninalia.
"Haloo? Ndiyo. Nimefeli."
Waya ukavuma tu. Nikasema tena, nimefeli,
na tena, nimefeli,
mpaka neno likaisha chumvi,
likawa silabi nne zisizo na mwenyewe,
nami nikasikia njaa, nikaenda kununua chipsi.

Haya, zamu yako. Kimekushinda nini?
"Sijui sehemu, mama."
Hapana. Sema: sijajua.
"Si ni sawa?"
Si sawa hata kidogo.
Sijui ni mlango uliopigwa kufuli.
Sijajua ni mlango uliorudishwa tu,
unausukuma kwa goti
hata kama mikono yote imebeba mizigo.
Ndiyo maana wakubwa hawakusema hufi, huumbiki.
Walisema hujafa, hujaumbika.

Sikiliza. Mita ya umeme nimeitia pauni ishirini,
robo wameikata ya deni. Zimebaki ngapi?
"Kumi na tano."
Hukufikiri hata! Nani kakufundisha?
"Si ndivyo kila Ijumaa?"
Basi ndiyo hiyo sehemu, Sudi, hiyo hiyo,
imevaa sare ya shule tu, ukaidhani mgeni.

Tatu juu ya nane? Mh.
Hiyo inanitoa jasho hata mimi.
Tutaikalia, itachoka kabla yetu.
Na kuna usiku wa kukosa kila kitu, siukatai.
Usiku huo funga daftari, kula, lala.
Daftari halina miguu.

Leta penseli. Mimi nikuulize sehemu,
wewe uniulize barabara.
Lakini mbona unamvisha ng'ombe kofia?
Na mkoba! Anakwenda wapi huyu?
"Anakwenda kwenye mtihani. Amechelewa."
Taratibu, taratibu, Bi Maureen anagonga ukuta,
ziba mdomo na mimi nizibe wangu,
mbavu zangu jamani.

Na hizo karatasi, unazibandika kwenye friji za nini,
yako na yangu, chini ya sumaku moja,
kila ajaye azione?

"Saba na arubaini na mbili, mama,
ni arubaini na tisa.
Tukichanga, tumepita.
Na sita zimezidi."

Rudia, mwanangu.
Sijasikia vizuri.