Kisusi cha Magharibi

Shaame Faki yuko juu tangu alfajiri,
kisu mdomoni,
anakata kamba za makumbi alizofunga baba yake.
Makuti yanashuka:
ya juu rangi ya kahawa,
ya chini ukiyagusa ni vumbi tu.

Mimi niko chini, nauliza majina.
"Huu mwamba. Hizi kombamoyo.
Ule mtambaapanya," anacheka,
"na wenyewe ndio wale, wanahama."

Nyumba hii ya Mtambwe haikuchorwa.
Karafuu ndizo zilizoijenga.
Mwaka uliozaa, bibi Mize akaongeza chumba;
mwaka uliokataa, mlango ukabaki tundu,
likaangikwa jamvi mpaka msimu mwingine.
Ndiyo maana ukumbi umepinda kiwiko,
chumba cha tatu kimepanda kidato,
na kiambaza cha jikoni kina tumbo
pale magunia yalipoegemea
mwaka bei ilipoanguka, yakakosa pa kwenda.

Ukutani, kwa mkaa, siku za vibarua:
vijiti vinne, cha tano kimelala juu yao.
Jina la Faki limefutwa mara mbili,
na mara mbili limeandikwa tena.

Msellem kaleta pesa kutoka Maskati, na sauti:
"Pigeni bati, yaishe. Kila miaka mitatu makuti,
hamchoki?"
Hajakosea. Nimeshapiga hesabu:
makuti elfu na mia mbili, fito, kamba,
na boriti mbili za mkandaa, ambazo siku hizi
ukizikata unalala kituoni.

Kwenye kisusi cha magharibi kisu kimenyamaza.
"Hebu panda."
Nikapanda.
Kombamoyo tatu za mwisho hazina kamba.
Zimefungwa pindo za kanga, rangi imekwisha,
fundo la mtu aliyezoea kufunga kuni.
"Hili si la fundi," akasema.
"Mzee aliondoka hapa hajalipwa.
Kumbe alimalizia mwenyewe."

Akalivuta. Halikutikisika.
Akarudisha kisu kiunoni, akaruka fito,
akaendelea upande wa pili.

Mchana tukala muhogo barazani,
jua limeingia chumbani kwa bibi
mpaka mvunguni, bila kubisha hodi.
Nikamuuliza deni lilikuwa kiasi gani.
Akatafuna. Akautazama ule mkaa ukutani.
"Niletee makuti mia nne kesho," akasema,
"halafu tutaongea."